Jina Lililokaa Ukingoni

Mtoto alifika dukani kwangu kabla ya watu waliombeba. Nilimsikia tangu wako chini kwenye ngazi, nami nimeinamia diski ya harusi ya watu, kibano mkononi. Nikakiweka kibano chini. Kazi hii haitaki mtu wa kushtukashtuka.

Aliyetangulia kuingia alikuwa bibi mmoja mrefu, kitenge kimefungwa sawasawa, mikononi kashika kopo la biskuti kwa uangalifu kama la mayai. Nyuma yake binti wa miaka ishirini na kitu, macho yamevimba, kichanga begani. Hicho kichanga ndicho kilichokuwa kinaendesha shughuli yote.

"Fundi Nkwimba ni wewe?" bibi aliuliza, kwa sauti ya kushindana na mtoto.

"Ndiye mimi, mama. Karibuni mkae. Mbona mwenzetu analia hivyo?"

"Analilia jina," alisema, kama vile mtu anavyokwambia mtoto anaota meno.

Sikucheka. Mimi nimezaliwa hapahapa Kahama, na nasikia niliitwa majina mawili mengine kabla hili halijanikaa. Kwetu mtoto akilia bila sababu, wazee hukaa wakamtajia majina ya waliotangulia, moja baada ya jingine, mpaka lile ambalo akilisikia atanyamaza. Hapo wanajua ni nani aliyekuja kuwatembelea, na jina lake ndilo linaloandikwa. Wapo wanaoamini kabisa, wapo wanaoamini nusu, na tupo sisi tunaosema hatuamini lakini tukipata mtoto tunafanya.

"Hospitali mmekwenda?"

"Tumekwenda mpaka wametuzoea," binti alijibu. Ndiyo kwanza nisikie sauti yake, na ilikuwa sauti ya mtu aliyechoka hadi kwenye mifupa. "Wamempitisha kwenye kila mashine. Tumbo zima, masikio mazima, moyo mzima. Wanasema atakua, ataacha."

"Huyu ni Limi, mke wa mjukuu wangu," bibi alisema. "Mimi naitwa Nyanzobe. Majina ya ukoo tumeyamaliza yote, fundi. Tulianza na la mama yangu mzazi, Kabula, mtoto akazidisha. Limebaki moja tu, la mama mdogo wa mama huyo, ambaye alikuwa akimtajataja, na hakuna aliye hai anayelijua. Liko humu. Jumamosi tunakaa kikao cha jina, na nimewaambia watu nitakuja nalo."

Akafungua kopo. Ndani, juu ya pamba, dividi ya kuchoma nyumbani. Juu yake ilibandikwa stika ya karatasi yenye picha ya mwanamke mnene mwenye kilemba, na maandishi ya rangi ya dhahabu: MAMA ANASIMULIA UKOO.

"Nani alibandika hii stika?"

"Mimi. Nilikuwa msichana, nilitaka ipendeze."

"Basi gundi yake ndiyo iliyoitafuna, mama."

Mdomo wangu una tabia ya kunitangulia. Bibi Nyanzobe aliitazama ile stika, akaitazama tena, nikaona nimemuumiza bure.

"Boksi liliandikwa miaka mia moja," alisema. "Nakumbuka, nilisoma mwenyewe."

"Walioandika hawakukaa miaka mia kuhakikisha. Sikiliza, mama. Diski ya muziki ya kununua, ile ya kiwandani, alama zake ni vishimo vilivyopigwa kwenye plastiki. Hii ya kuchoma nyumbani ndani ina rangi tu, na leza inaunguza nukta juu ya ile rangi. Sasa rangi unaijua. Jua linaipausha, joto linaipausha, unyevu unaingia kwa pembeni. Ikiwa nzuri na ikakaa gizani, pakavu, inaweza kumzika aliyeichoma. Ikiwa ya bei poa, nimewahi kuona imekufa kabla mtoto aliyerekodiwa hajaanza shule. Na ninyi hamkuifungua miaka yote hii?"

"Tulikuwa na Ghala," alisema.

Wote wanasema hivyo, na siwezi kuwalaumu. Ghala lilimtunzia kila mtu kila kitu: picha, sauti za marehemu, vyeti, mapenzi ya ujana. Ulikuwa unataja tu unachotaka nacho kinakuja. Halafu asubuhi moja likafungwa na wenyewe, bila kwaheri, na watu waliokuwa wakizicheka diski wakaanza kupekua masanduku ya bibi zao. Ndiyo maana nina duka.

Mashine yangu tunaiita Mshonaji. Haizungushi diski, maana ya umri huu ukiizungusha inavua ngozi yote. Inailaza, inaipiga picha nukta kwa nukta, kisha inasoma. Palipopotea kidogo inarudisha kwa hesabu, kwa kuwa diski hizi ziliandikwa zikiwa na akiba ndani yake. Palipopotea kabisa, inashona. Inajifunza sauti ya mtu na midomo yake, inatunga kipande kinachofaa kukaa pale, na inakitunga vizuri mno. Chini ya picha unapita mstari wa kukuonyesha kipi ni kipi: kijani kimesomwa, njano kimerudishwa kwa hesabu, nyekundu kimetungwa. Mafundi wengi mjini huuficha huo mstari, kwa sababu mteja akiona nyekundu hununa. Mimi siufichi, lakini nisijisifu, sijawahi kutamani kuuficha kama nilivyotamani wiki ile.

Nilizima ushonaji kwanza nione kuna nini hasa. Mwanamke wa kwenye stika akatokea kwenye kioo, mzima, amekaa kwenye kigoda nje ya nyumba ya bati, anapepeta mchele huku anaongea. Bibi Nyanzobe alijiziba mdomo kwa mkono. Mstari ulikuwa kijani kitupu. Kabula aliwataja watu wake mmoja mmoja, huyu alikuwa mkali, huyu alipenda pombe, huyu aliolewa mbali akarudi kwa miguu. Kisha ikaja njano. Kisha akasema, "Na mama mdogo, yule mdogo wake mama yangu, aliitwa..." na picha ikapasuka vipandevipande.

"Ndiyo hapo," bibi alisema. "Ndiyo hapohapo."

Dividi huandikwa kuanzia katikati kwenda nje. Kinachosemwa mwisho hukaa ukingoni, na ukingoni ndiko vidole vinakoshika na ndiko unyevu unakoanzia. Nikamuuliza zilichomwa ngapi.

"Tatu. Siku moja, boksi moja. Kila mtoto alipewa yake."

"Na kila mmoja akajua mwenzake anatunza."

Aliinamia kopo lake.

"Za boksi moja huzeeka pamoja," nikasema, "lakini hazipati mateso yaleyale. Moja inaweza kubaki na kipande ambacho nyingine imepoteza. Hizo mbili ziko wapi?"

"Ya Minza, dada yetu, alizikwa nayo. Aliomba mwenyewe."

Gizani, pakavu, na hakuna wa kuishikashika. Huenda hiyo ndiyo nzima kuliko zote duniani. Safari hii niliubana mdomo.

"Na ya tatu?"

Uso wa bibi ukakaza. "Anayo mdogo wangu, Luhende. Aliitundika shambani kufukuzia ndege. Tangu siku hiyo hatuzungumzi."

Limi alikuwa amesimama dirishani anambembeleza mtoto bila kukoma, hata nadhani hakujua tena kama anafanya. "Mimi nitampigia babu," alisema.

*

Mzee Luhende alikuja kesho yake asubuhi na diski imefungwa uzi kwenye tundu la katikati, kama medali. Alikuwa mfupi, mchangamfu, kofia mkononi. Alimwamkia dada yake, na dada yake akaitikia akiwa ametazama ukuta.

"Niliitundika, sikatai," alisema, mimi nikiwa namwondolea uzi. "Kweleakwelea walikuwa wanamaliza mpunga na Ghala lilikuwapo. Ningejuaje?"

"Sauti ya mama, Luhende. Kwa ndege."

"Mama mwenyewe alishinda kwenye majaruba ya mpunga akiwafukuza. Mimi nilimrudisha kazini tu."

Limi alicheka, ghafla, mpaka mwenyewe akashangaa. Midomo ya bibi nayo ilicheza kidogo kabla hajaivuta mahali pake.

Niliinua ile diski kwenye mwanga. Ilikuwa imepauka ikawa kama kioo, ungeweza kusoma gazeti kupitia ndani yake. Rangi yote imekwenda na jua. Nilitaka kumrudishia mwenyewe, kisha nikakumbuka kwamba leza ina moto, na nukta inapoungua, plastiki iliyo chini yake huvimba kidogo na kubaki hivyo. Rangi ikiondoka kovu linabaki. Halafu diski hii ilining'inia kwa uzi wa katikati, haikuwahi kushikwa ukingoni wala kupakwa gundi. Nikaiambia mashine isahau rangi, itafute makovu.

"Itachukua muda," nikawaambia. "Nendeni mkale."

Ilipomaliza niliziunganisha diski mbili, na nikasisimka kama mwanafunzi. Palipokuwa giza jana sasa palikuwa na visiwa vya kijani hadi mwisho kabisa. Lakini mahali pa jina palikuwa patupu kwenye zote mbili. Kwa bibi gundi ilikuwa imebandua. Kwa Luhende kulikuwa na mkwaruzo mmoja mrefu, labda wa tawi, labda wa ndege aliyekataa kufukuzwa. Na baada ya jina, vile visiwa vilikuwa vimejaa mikwaruzo na miungurumo isiyoeleweka.

Nikavaa spika za masikioni, nikawasha ushonaji nione mashine inasemaje.

Kabula aliinua uso kutoka kwenye ungo. "Aliitwa," akasema, na akataja jina. Lilitoka safi, kwa sauti yake, kwa midomo yake. Kisha akaongeza kwa upole, "Mungu amlaze pema, na watoto wa ukoo huu wabarikiwe." Mstari ulikuwa mwekundu kuanzia kwenye jina hadi mwisho; vile visiwa vyenye mikwaruzo mashine ilikuwa imevitupa. Nikaiuliza mashine jina imelitoa wapi. Ikajibu kwamba wanawake wa umri ule, wa wilaya ile, wengi waliitwa hivyo.

Najua mstari unamaanisha nini, na bado nilikaribia kuamini.

"Limepatikana?"

Limi alikuwa nyuma yangu, peke yake na mtoto. Nilimwonyesha mstari, nikamweleza. Alielewa upesi kuliko wateja wengi.

"Bibi ameshauona?"

"Bado."

"Basi ufute huo mstari, mama. Mpe hilo jina."

"Limi, si jina lake. Mashine imeokota tu."

"Sijali." Aliongea polepole, kama mtu anayehesabu nguvu alizobakiwa nazo. "Sijalala tangu nimejifungua. Juzi nilimlaza kitandani, nikatoka, nikafunga mlango kwa nje, nikakaa chini uani nimeziba masikio. Nilijiogopa, mama. Nyumba nzima inaniangalia kana kwamba jina ninalo mimi na ninamnyima. Bibi akilipata atatulia, watu watatulia, labda na huyu atatulia. Nani atajua?"

"Utajua wewe. Na mimi."

"Mimi nitalala nisahau."

Nilimhurumia. Na kusema kweli, kidole changu kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kuuficha mstari. Siamini kwamba mtoto hulilia jina. Kwa hiyo jina hili au lile lina ubaya gani, kama litampa binti wa watu usingizi?

Lakini kulikuwa na mwanamke. Alizaliwa, akachota maji, akapendwa kiasi kwamba mpwa wake alikaa kwenye kigoda akamkumbuka, na alikuwa na jina lake. Mimi nilikuwa nakaribia kumwondoa na kumweka asiyekuwapo, kisha Kabula awe shahidi wangu kwa mdomo wake mwenyewe, na ukoo mzima uape kwa hilo milele. Na huyu kichanga angelibeba jina la mtu ambaye hakuwahi kuishi. Watu hupanda ngazi zile kwa sababu moja tu, kwamba kilichomo kwenye diski kuna mtu alikisema kweli. Nikianza kutia vyangu, nifunge duka nikauze vitumbua.

"Nipe huyo mtoto," nikasema.

"Unasemaje?"

"Nipe mtoto. Nyuma ya kabati kuna mkeka. Kalale."

"Siwezi, atalia."

"Atalia kwangu. Nenda."

Alilala kabla hajamaliza kukataa. Nami nikabaki na kichanga begani, kimetanua mapafu yake yote sikioni mwangu. Wazee waliporudi niliwanyooshea kidole kule nyuma ya kabati na kuwaambia hatuanzi mpaka mama mtu aamke. Bibi alitaka kusema neno, akamwona Limi alivyolala, hata viatu hajavua, akaacha. Luhende akanipokea mtoto. Tulimpokezana sisi watatu mchana mzima, na hapo ndipo nilipoelewa binti yule alikuwa akiishije.

*

Limi alipoamka jua lilikuwa limeshageuka. Nikawaketisha mbele ya kioo nikawaambia.

"Jina halipo. Limepotea kwenye diski zote mbili. Mashine imetunga moja, na ningewapa msingegundua kamwe."

"Imetunga lipi?" bibi aliuliza.

"Silitaji. Nikilitaja litawakaa, na siku moja mtasahau kwamba lilitungwa."

Limi aliinamisha kichwa. Bibi Nyanzobe alinitazama kwa hasira ya wazi. "Nimetoka Ushetu na kopo langu, nimekaa kwenye benchi lako siku mbili, nimekaa chumba kimoja na huyu, halafu uniambie halipo?"

"Ndiyo, mama. Samahani. Kuna kilichobaki baada ya jina, kibovu sana, lakini hicho amekisema yeye. Nataka mkisikie hivyo kilivyo."

Nikazima ushonaji. Kabula akasema, "Aliitwa," kisha mlio kama wa mafuta yanayochemka, kisha mkwaruzo mfupi mfupi wa kukatakata, ambao mashine iliuandika *kelele* na kwenye toleo lake iliufuta wote. Bibi akainua mkono.

"Rudisha hapo."

"Ni mkwaruzo wa diski, mama."

"Mkwaruzo gani? Mama anacheka. Luhende, si anacheka huyu?"

Luhende alisogeza sikio. "Anacheka. Anavyochekea puani akitaka kusema jambo la ovyo."

Nikarudisha. Ukishaambiwa ni kicheko, huwezi tena kusikia kingine. Nilikuwa nimekisikiliza mara nyingi, mtaalamu mzima na spika masikioni, nikajua ni uchafu. Nikaiacha iendelee, na sasa hata maneno yalianza kujitenga na mlio, vipande vipande, bibi akiyarudia kwa sauti kila yanapotoka.

"Alilia huyo," Kabula alisema. Mlio. "Wakampa majina yote, wee." Mlio mrefu. "Mpaka wazee wakagombana." Kicheko tena. "Bibi yetu akasema basi, mwacheni alie." Mlio. "Akaja kunyamaza siku aliyotaka mwenyewe."

Kioo kikawa cheusi. Dukani ikabaki sauti ya mtoto peke yake.

Limi ndiye aliyeanza. Alicheka kwa pumzi, bila sauti, mabega yakimtetemeka, kisha akawa analia, na sidhani kama yeye mwenyewe alijua wapi kimoja kiliishia. "Kumbe," alikuwa akisema. "Kumbe na wao."

"Kwa hiyo hata tungelipata hilo jina..." Luhende alianza.

"Nyamaza, Luhende," dada yake alisema. Lakini alisema akimtazama, si kwa kuutazama ukuta.

Bibi alisimama. Akaifunika diski ya nduguye kwenye kopo lake, juu ya pamba ileile, kisha akamgeukia Limi. "Na wewe mama mtu unataka aitwe nani? Sikumbuki kama kuna aliyekuuliza."

"Hakuna," Limi alisema. Alijipangusa uso kwa ncha ya khanga. "Kabula. Kama huyu anayecheka."

"Kabula tulishamwita. Alizidisha kulia."

"Alie tu, bibi. Ataitwa Kabula."

*

Walitaka diski mpya kabla hawajaondoka. Niliwaambia nitachoma tatu, kila moja ya aina yake na boksi lake, hakuna stika, jina liandikwe kwa kalamu laini kwenye duara la katikati tu. Luhende akauliza hizi zitadumu miaka mingapi.

"Usiniulize miaka, baba. Zifungueni kila mwaka siku ya kuzaliwa ya huyu mtoto, zote tatu, mzisikilize mpaka mwisho. Mkiona moja imeanza kukwamakwama, nileteeni."

"Na ya shambani?"

"Ya shambani nitakupa tupu."

Bibi Nyanzobe akasema ukoo hauwezi kuishia pale ulipoishia. Akakaa mbele ya kamera yangu, akafunga kitenge upya, akawataja watu wake kuanzia mwanzo. Alipofika pale pa jina hakuparuka. "Na mama mdogo mmoja," alisema, "ambaye jina lake tumelipoteza sisi, mimi kwa stika na huyu hapa kwa ndege. Alilia sana huyo." Luhende, aliyekuwa amesimama pembeni, alichekea puani, nami nikageuka haraka kumtazama, maana kilikuwa kicheko kilekile. Mwisho bibi akanyoosha mikono, Limi akampa mtoto, akampakata mbele ya kamera. "Na huyu ni Kabula, binti wa Limi."

Kabula alikuwa analia tangu neno la kwanza hadi la mwisho.

Niliweka diski ya kwanza tupu, nikaiambia mashine ianze kuchoma. Ikafikiri kidogo, ikaniletea swali kwenye kioo. *Kelele zimegunduliwa katika rekodi yote. Zisafishwe?*

Nikabonyeza Hapana.